Kioo Mlangoni kwa Bi Elide

Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, Duilio Cesaretti alipanda ngazi kumi na nane hadi ghorofa ya kwanza kwenda kutazama kipande cha kioo. Kilikuwa kidogo tu, urefu wa kidole, kimebandikwa kwa jasi juu ya ufa ulioteremka ukutani kando ya mlango wa Bi Elide. Mhandisi aliyeletwa kukagua jengo, binti mmoja anaitwa Loredana, ndiye aliyekibandika wiki tatu nyuma, akaandika tarehe kwa penseli juu ya jasi, akawaambia wapangaji wote: kioo kikiwa kizima, ukuta umetulia; kikipasuka, ukuta unatembea, na hapo mtatoka humu wote, mtake msitake.

Kioo kilikuwa kizima. Wiki tatu mfululizo, kizima. Na hilo ndilo lililomkosesha Duilio usingizi, maana yeye ni mwashi, na alijua fika kwamba kisingeweza kuwa kizima.

Alijuaje? Hapo ndipo penye kidonda, na lazima nianzie mbali kidogo.

Duilio alizaliwa milimani, kwenye baridi na kondoo, akashuka Roma akiwa na miaka kumi na minne kuja kukoroga zege, na zege hakuliacha mpaka magoti yalipomgomea akiwa na sitini na sita. Hapa Monti, mtaa wetu wa Roma, hakuna ua ambao hajaweka mkono wake. Mwulize habari za bafu lako, atakwambia bomba limepita wapi na ni mpumbavu gani aliyelipitisha hapo. Mbishi, mkali, anaongea na mbwa wa watu kwa adabu kuliko anavyoongea na wenye mbwa. Lakini kazi yake haikuwa na doa, hilo hata maadui zake walilikubali.

Sasa, kujenga Roma si kama kujenga kwingine. Huku unachimba shimo la kupanda mchicha unakuta bafu la kaisari. Sheria inasema ukikuta kitu weka sululu chini, uwaite watu wa mambo ya kale. Nao wanakuja na miwani yao na brashi zao, wanazungusha utepe mwekundu na mweupe, na kazi yako inalala miaka mitatu. Kwa hiyo mafundi wa zamani walikuwa na desturi yao, na asikudanganye mtu kwamba hawakuwa nayo. Yule ambaye sululu yake imegonga kitu cha kale alipiga kelele, "Viazi!" Basi. Hapo kila mtu aliganda alipo, hakuna kuinua hata mwiko, mpaka fundi mkuu aje aangalie. Fundi mkuu aliangalia, akatema mate, akasema "funika", na ikifika saa ya chakula cha mchana pale palikuwa na zege na wote wanakula mkate wao juu yake.

Duilio alipokuwa na miaka ishirini na saba, viazi vilipatikana kwenye stoo ya chini ya jengo hili hili analokaa. Aliyepiga kelele ni yeye. Sululu ilizama, matofali yakaporomokea ndani, na kule gizani ikasikika sauti ya maji. Wakashusha taa, na Duilio nyuma yake. Chini palikuwa na mfereji wa Warumi wa kale, kuba ya matofali ambayo mtu mzima angepita ameinama, na maji safi yanatiririka humo kana kwamba aliyeujenga ametoka mara moja kwenda sokoni. Upande wa pili, palipobomoka, kulikuwa na chumba. Ukuta wake ulikuwa mwekundu, na juu yake amechorwa ndege mdogo anayedonoa tini. Duilio alikuwa hajawahi kuona kitu kizuri namna ile maishani mwake. Alinyoosha mkono akaigusa ile tini, kidole kikarudi na vumbi jekundu.

Fundi mkuu alikuwa Quirino Belardi, mume wa huyo huyo Bi Elide. Akachungulia, akatema mate.

"Funika."

"Fundi, na maji je? Yataenda wapi?"

"Maji yana akili kuliko wewe, yatajitafutia njia. Funika, kijana. Tuna wiki mbili za kumaliza hapa, au unataka kuja na brashi na wewe?"

Wenzake wakacheka, naye akafunika. Alishindilia kifusi, akamwaga zege, akalilainisha hata mwenye jengo aliposhuka jioni hakuona alama. Mwaka uliofuata, Duilio alipooa, Quirino ndiye aliyemsemea wakapewa nyumba ya chini, mlango wa kushoto. Marisa, mkewe, aliishi humo miaka thelathini na minane, akafa hajui kitu. Ornella, binti yao, akazaliwa humo. Akaolewa, akaachika, akarudi na kupanga ghorofa ya pili, juu kabisa ya Bi Elide, na mwanawe Viola wa miaka minne.

Na maji kweli yalijitafutia njia. Miaka arobaini na mitano yalikuwa chini ya zile ngazi yakila udongo.

Mhandisi hakuyajua hayo. Alidhani ni bomba bovu la barabarani, akaagiza wachimbe mbele ya mlango mkuu. Duilio alimsikiliza ameegemea ukuta, mikono mfukoni, kimya. Yeye, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwachia mhandisi sentensi moja ipite bila kuichokonoa! Kila usiku alijiambia kesho nitasema. Aliogopa nini? Jela, na magoti yale? Wapi! Aliogopa macho ya Ornella.

Ikawa Alhamisi ya Novemba, mvua siku ya tano haijakatika. Asubuhi hiyo Duilio alipanda na tochi, kwa sababu taa ya ngazini ilikuwa hafifu na macho yake hayaaminiki tena. Akamulika kioo. Akasogea. Akavaa miwani, akamulika tena.

Kioo kilikuwa chembamba. Kile cha mhandisi kilikuwa kinene, kimekatwa na mtu anayejua kukata. Hiki kilikuwa na kingo za kumegeka na kitone cha hewa ndani, kama vioo vya zamani. Jasi nayo ilikuwa bado na ubaridi wa umajimaji, imepakwa kwa kisu cha mezani. Tarehe imeandikwa kwa mkono unaotetemeka.

Akagonga mlango.

"Nani?"

"Duilio. Fungua, Bi Elide."

"Sukuma, umekwama. Siku hizi unakwama."

Akasukuma kwa bega. Mlango ulikwaruza sakafu ukafunguka nusu, na mwashi yeyote akisikia mlango unalia hivyo moyo unamruka. Fremu ilikuwa imekwenda upande. Bi Elide alikuwa amesimama na aproni, mdogo, miaka themanini na sita, nyuma yake inanukia supu ya maharage.

"Kile kioo umeweka wewe," Duilio akasema.

"Kioo gani?"

"Usinifanye mtoto."

"Ingia ndani basi, usinipigie kelele mlangoni. Binti yako atasikia."

Aliingia. Juu ya kabati zilikuwapo picha tatu alizozijua miaka yote: ya arusi, ya mwana wao siku ya komunyo ya kwanza, na ya Quirino mwenyewe na koti lake la Jumapili. Mbili hazikuwa na vioo. Ndani ya kisahani pembeni mlikuwa na vipande vya vioo vimekusanywa vizuri, kama mifupa ya samaki.

"Vimepasuka vingapi?"

"Viwili. Cha yule binti mhandisi kwanza, kisha cha arusi yangu."

"Cha arusi kimepasuka lini?"

"Jana mchana, nakula. Nikasikia tik. Nikachukua cha komunyo, nikakivunja kwa nyundo ndani ya taulo, nikapata kipande kimoja cha maana."

Duilio aliketi bila kukaribishwa.

"Bi Elide, Mungu wangu. Nyumba inaondoka."

"Inaondoka iende wapi? Ina miaka mia mbili hapa!"

"Kuna watu juu yako. Kuna Viola."

"Na kuna mimi!" Bibi alipiga meza. "Mwanangu anatafuta sababu tu. Ameshaniandikia kitanda kwenye nyumba ya wazee, kule nje ya mji, chumba kimoja na mwanamke anayekoroma. Wakinitoa hapa wiki moja, sirudi. Nitakufa kule, Duilio, tena nitakufa kwa hasira."

"Lakini huwezi kuficha ukuta unaotembea."

"Siwezi?" Akamwinamia usoni. "Wewe na Quirino mmeficha nini hapo chini? Unadhani sijui? Alinieleza kitandani, wiki ile anakufa. Alikuwa anayasikia yale maji akiwa hospitali, wodi ya ghorofa ya nne. Nyinyi mlifunika mfereji mzima mkakaa mkala mikate. Mimi nimefunika kijiufa, unanijia na macho hayo?"

Duilio akayahamishia macho kwenye kile kisahani cha vioo. Ungemjibu nini wewe?

Bi Elide akaenda kabatini, akaishusha picha ya Quirino, akaiweka mezani mbele yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mhandisi anakuja leo saa saba. Mimi mkono unatetemeka, hiki nilichoweka hata wewe kipofu umekigundua. Kata kioo cha mzee. Kiweke kama fundi."

Na Duilio, jamani, Duilio akakikata! Ningependa kusema alikataa, kwamba alisimama akatoka na kusema kweli. Hakusema. Alishuka akachukua kisu cha kioo, mwiko mdogo, sufuria ya kukorogea na mfuko wa jasi. Alijua kioo kikisema ukuta unatembea, na yeye itabidi aseme ya mfereji. Akakata vipande vitatu, akachagua kimoja, viwili akavitia mfukoni. Akabandua kile cha komunyo, akaweka cha Quirino, akaipaka jasi unga wa kahawa ionekane kuukuu, akaiga mwandiko wa mhandisi. Hakuwahi kufanya kazi ndogo safi kuliko ile, na aliona aibu kwamba alijivuna nayo.

Ilikuwa saa nne kasorobo. Akaketi kwenye ngazi kusubiri jasi ikauke.

Juu alimsikia Viola anakimbia huku na huko. Hakwenda shule siku hiyo, alikuwa na mafua. Dum dum dum, kisha Ornella: "Viola, acha kuruka! Bibi wa chini atapanda na fagio!" Kisha kicheko. Kila dum Duilio alikitazama kioo. Mvua ilikuwa ikilia kwenye mabati ya ua. Na chini ya mvua, sasa alipokaa kimya, kulikuwa na sauti nyingine, nzito zaidi, aliyoisikia mara moja tu maishani mwake, akiwa na miaka ishirini na saba. Vumbi laini likamwangukia begani. Akalipangusa. Likaanguka tena.

Saa nne na dakika ishirini na tano kioo kikasema tik.

Hakikuanguka. Kilipasuka tu katikati, mstari mwembamba. Duilio alikuwa anakitazama. Viwili katika wiki tatu, na hiki dakika arobaini. Kisha nusu ya chini ikabanduka, ikamdondokea kiatuni.

Mkono wake ukaenda mfukoni. Ndiyo, ukaenda wenyewe. Vile vipande viwili vilikuwamo, na jasi ilikuwa bado laini kwenye sufuria. Dakika tano tu zingetosha. Alikuwa ameshakishika kipande kwa vidole viwili aliposikia sauti juu ya kichwa chake.

"Babu, unacheza nini?"

Viola alikuwa amechomoza uso kati ya nguzo za reli ya ngazi, pua inachuruzika, biskuti mkononi. Chembe za biskuti zikamwangukia babu yake kwenye nywele.

Duilio akafungua mdomo, na kilichotoka hakukichagua.

"Viazi!"

Alilipiga lile neno kama alivyolipiga zamani, kwa mapafu yote, na ngazi nzima ikaitika. Miaka thelathini hakuna aliyelipiga hapa Monti.

"Baba?" Ornella akatokea juu, sabuni mikononi. "Viazi gani? Umechanganyikiwa?"

Lakini mlango wa ghorofa ya kwanza ulikwaruza, na Bi Elide akatoka. Alikuwa na koti, na mkoba, na picha ya Quirino kwapani, na jikoni ameshazima gesi. Alikuwa mke wa fundi miaka arobaini. Alipeleka vyakula kwenye majengo mara nyingi mno, hakuweza kukosa kujua kwamba neno lile likipigwa, unaweka chini hata kijiko. Hakubishana hata kidogo.

"Ornella, mbebe mtoto, shukeni," Duilio akasema. "Usichukue kitu."

"Nina chungu kwenye moto, na yeye hana hata viatu."

"Shuka nimekwambia! Nitakueleza nje! Pita kando ya ukuta wa mbali, mmoja mmoja. Usikanyage katikati."

Sauti yake ilimtisha Ornella kuliko maneno. Akamkumbatia Viola, akashuka mgongo umebanwa ukutani, ngazi moja, ngazi ya pili, na alipofika mbele ya mlango wa Bi Elide sakafu ikainama chini ya mguu wake, kidogo tu, jinsi ubao mbovu unavyoinama. Akapiga kelele. Duilio akamdaka mkono akamvuta. Kisha akapanda yeye, na magoti yake yale, akigonga kila mlango kwa mpini wa mwiko, akitukana aliyechelewa. Watu kumi na mmoja walishuka, mmoja na taulo kiunoni na povu la sabuni shingoni. Yeye alikuwa wa kumi na mbili.

Zimamoto walifika, na mhandisi akafika mbio, nywele zimelowa. Wote wakasimama ng'ambo ya barabara kwenye mvua. Kwa muda hakukutokea kitu, na yule wa taulo akaanza kunung'unika kwamba mzee amezeeka vibaya.

Saa sita na dakika kumi sakafu ya mbele ya mlango wa Bi Elide ikaondoka. Ilikwenda na ngazi zake hadi stoo ya chini, na haikuishia hapo. Ikaendelea kuanguka, kule ambako hakuna aliyejua kuna kuanguka zaidi, na kelele zake zikachukua muda mrefu kwisha. Vumbi likatoka mlango mkuu. Jengo lenyewe likabaki limesimama, na katika kimya kile barabara nzima ikasikia maji.

Yule wa taulo akapiga ishara ya msalaba.

Ornella aligeuka polepole akamtazama baba yake.

"Ulijua."

Duilio akamweleza yote, hapo hapo, mbele za watu: sululu, mfereji, ndege na tini, zege. Na kile kioo cha asubuhi. Hakujitetea. Ornella alisikiliza hadi mwisho, mtoto begani.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne namlaza mwanangu juu ya hilo shimo, na wewe unapanda kila jioni kumfunika blanketi. Ulikuwa unafikiria nini, baba, unapomfunika?"

"Kwamba kesho nitasema."

"Usiniguse." Akasogea mbali, yeye na Viola, mpaka mlangoni kwa muuza kahawa. Duilio akabaki na mkono umenyooka nusu. Hilo ndilo aliloliogopa, na lilikuwa baya kuliko alivyoliwazia.

Mhandisi akamjia na ubao wake wa karatasi, ameufunika na mfuko wa plastiki. Hakuwa na ukali.

"Mzee, lazima niandike. Nani aliuziba huo mfereji?"

"Mimi."

"Peke yako? Ile si kazi ya mtu mmoja."

Duilio akatazama upande wa Bi Elide. Walikuwa wamemletea kiti kutoka kwenye mgahawa, na blanketi ya zimamoto mabegani. Mwanawe alikuwa njiani anakuja, walishampigia simu. Picha ameikumbatia, uso wa mzee umeelekea kifuani kwake. Hapa Monti mpaka leo, mtu akitaka kusifia ukuta, husema huu wa Quirino.

"Peke yangu," Duilio akasema.

"Mwongo wewe!"

Bi Elide alikuwa ameshasimama. Akaja na blanketi inaburuta kwenye maji, akaitwaa ile picha, akaiweka juu ya karatasi za mhandisi, uso juu. Haikuwa na kioo. Matone yakaanza kuanguka kwenye lile koti la Jumapili.

"Andika huyu," akasema. "Quirino Belardi, fundi mkuu. Yeye ndiye aliyesema funika. Halafu andika Elide Belardi, vioo viwili, kwa mkono wangu. Cha tatu mwandike huyu mjinga, ndicho pekee kilichowekwa vizuri. Halafu mwambie mwanangu asikimbize gari kwenye mvua hii. Aje taratibu. Nitakwenda naye."

Duilio akavua kofia yake haraka, akainyoosha juu ya picha kuikinga na mvua. Bi Elide akamsogeza mkono.

"Acha, Duilio. Usimfunike."

Mhandisi akauliza jina la Belardi linaandikwaje, na Duilio, kofia mkononi, akamtajia herufi moja moja.